Mfuko wa Ndani wa Kushoto

Shangazi yangu hajawahi kupanda ndege, lakini anajua ndege inakubali nini na inakataa nini kuliko watu wanaopanda kila mwezi. Ukimwamsha usingizini ukamuuliza magazini ya bunduki, kile kikasha cha kuwekea risasi, inasafiri vipi, atakujibu kabla hajafungua macho: "Tupu, mdomo wazi, kwenye begi la tumboni." Begi la tumboni ndilo lile unalolikabidhi kaunta likashuka chini ya ndege na mizigo mingine. La mkononi, kwa Shangazi, halitakiwi kuwa na kitu cha maana kuliko kitambaa cha jasho.

Anafanya kazi kwenye klabu ya kulenga shabaha, ile yenye ukuta mrefu wa matofali nyuma ya karakana ya magari. Ni mtunza stoo, na wanachama wanamwita Mama Stoo. Stoo yenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo, meza ndefu na rafu za chuma zilizoandikwa namba kwa chaki. Bunduki hazilali humo. Ziko chumba cha pili chenye mlango mzito, na ufunguo anao kocha. Zikisafiri, zinasafiri na kocha ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, na kibali cha polisi juu yake. Risasi wanapewa hukohuko wanakokwenda kushindana.

Shangazi anashughulika na vikorokoro. Darubini za kulengea, magazini, fito za kusafishia mtutu, brashi ndogo kama za meno, mikanda, glavu, vizibo vya masikio, na majaketi mazito ya kulengea ambayo ukivaa unatembea kama kobe aliyesimama. "Bunduki bila vikorokoro," anasema, "ni fimbo tu yenye majivuno."

Naishi naye tangu darasa la tano, mama alipopata kazi mbali. Sasa niko kidato cha tatu, na kila Jumamosi ninamfuata klabu na madaftari yangu. Ninajifanya nasoma jiografia. Ukweli ni kwamba nasikiliza. Kila kitu pale nataka kukijua: kwa nini darubini ina msalaba ndani, kwa nini watu wazima wanashika pumzi kabla ya kufyatua. Ninachoruhusiwa kufanya ni kimoja, kuokota maganda ya risasi baada ya mazoezi. "Ukimaliza mtihani wa mwisho tutazungumza," ananiambia. "Kwa sasa lenga vitabu."

Na yeye alianza kwa kuokota maganda. Aliingia klabu akiwa na miaka kumi na tisa, ameajiriwa kufagia. Siku moja mwanachama mmoja, kwa mzaha, akampa bunduki alenge risasi tano. Wakacheka alivyoishika. Wakaacha kucheka walipokwenda kuitazama karatasi ya shabaha, maana matundu yote matano yangefunikwa na kisahani cha chai. Tangu siku hiyo wakamwita Jicho. Aliendelea kufagia asubuhi na kulenga jioni, na baada ya miaka mitatu akachaguliwa kwenda nje ya nchi kushindana. Alinunua viatu vipya. Aliviweka mezani wiki nzima, akivitazama wakati wa kula.

Uwanja wa ndege hakuvuka. Mashine ya mizigo ilionyesha kitu ndani ya jaketi lake, wakalifungua begi, wakalipapasa. Mfuko wa ndani wa kushoto ulikuwa na risasi moja, ndogo kama kidonge. Ilibaki kutoka mazoezini, akaisahau. Walimweka kwenye chumba chenye feni na benchi, akaandika maelezo, akaulizwa, akaandika tena. Jioni wakaamini kuwa ni kusahau tu, wakamwachia. Ndege ilikuwa imeshaondoka mchana. Mwaka uliofuata jicho lake la kulia likaanza ukungu, akafanyiwa upasuaji, na ukungu ukabaki palepale. Hapo ndipo alipopewa stoo.

Ndiyo maana anapanga mizigo kama mtu aliyeumwa na nyoka, ambaye hata ung'ongo unamshtua. Anatandika shuka jeupe mezani. Kila kitu kinatoka, kila mfuko unavutwa nje uning'inie kama ulimi wa mbuzi. Isipokuwa mfuko wa ndani wa kushoto wa jaketi, ambao umeshonwa pande zote na hautoki. Huo unakaguliwa kwa vidole. Akishapanga, halifungi begi. Anamwita mtu ambaye hakupanga, anayeitwa mkono wa pili. Yeye anasoma orodha kwa sauti, mkono wa pili unagusa kitu kimoja kimoja na kujibu. Kisha wote wawili wanatia saini.

"Kwa nini usikague mwenyewe?" nilimuuliza zamani.

"Aliyepanga haoni alichokiweka," akanijibu. "Anaona alichokusudia kukiweka."

Sasa nifike kwa Kengeza.

Kengeza ni binti wa fundi wa kuchomelea vyuma, ana miaka ishirini na moja. Jina alipewa kwa sababu akilenga uso wake wote unahamia upande mmoja, jicho, mdomo na pua, kama mtu aliyeng'ata ndimu. Alikuja klabu mwaka jana. Kufika mwezi wa nne alikuwa anawashinda wote. Kufika mwezi wa sita Shangazi alikuwa amempa glavu yake ya zamani, ile ya ngozi, ambayo mimi nilikatazwa hata kuijaribu. Alimfundisha kushika pumzi. Alimwekea chai kwenye kikombe chenye mfuniko ili isipoe. Na alimwita mwanangu. "Mwanangu, bega lishushe." "Mwanangu, usikimbilie risasi, iache iende yenyewe."

Mimi niko pembeni na kapu la maganda, roho inaniuma hadi naisikia.

Laiti angekuwa na maringo! Ningemchukia nikapumzika. Lakini Kengeza ni mwema hadi anachosha. Ananiita mdogo wangu. Ananisaidia hesabu, na hesabu anazijua. Siku moja aliniletea kalamu yenye rangi nne, nikamwambia asante, nikaenda nayo chooni, nikaigongagonga ukutani hadi rangi ya kijani ikafa. Bado naitumia. Ninaandika kwa rangi tatu.

Halafu akachaguliwa kwenda nje kushindana. Alikuja mbio stoo na barua mkononi, akamkumbatia Shangazi, akamnyanyua juu. Shangazi akacheka, akasema, "Niteremshe, nitavunjika, nani atakufungia begi?" Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama nyuma ya Kengeza, kwa hiyo mimi ndiye niliyeuona uso wa Shangazi kicheko kilipokwisha. Ulikuwa kama dukani wanapoteremsha mlango wa chuma.

Ndege ilikuwa Jumapili mchana. Jumamosi asubuhi Shangazi akatandika shuka, akapanga. Mkono wa pili huwa ni kocha, lakini kocha aliitwa polisi kugongewa muhuri kibali cha bunduki, na Kengeza alikwenda kumuaga bibi yake. Mpaka saa saba kocha hajarudi. Shangazi akanitazama juu ya miwani.

"We mtoto. Nawa mikono, uje."

Mkono wa pili, mimi! Nikanawa kama daktari.

"Darubini," akasoma.

"Ipo. Kwenye kasha lake, na kasha limeviringishwa kwenye sweta."

"Magazini."

"Mbili. Tupu, midomo wazi."

"Ufito wa kusafishia."

"Upo. Vipande vitatu, na brashi zake."

"Dawa ya kusafishia mtutu."

"Haipo." Hilo ndilo jibu linalotakiwa. Ile dawa inashika moto haraka, haipandi ndege, hata tumboni.

"Jaketi. Mifuko ya nje."

"Mitupu."

"Mfuko wa ndani wa kushoto."

Nikaingiza vidole viwili. Kitambaa, mshono, kitambaa. Chini kabisa kwenye kona, kitu cha baridi, kirefu kidogo, laini. Sikuhitaji kukitoa. Nimeokota maganda miaka minne. Najua ganda linavyokuwa jepesi na najua risasi nzima inavyokuwa nzito.

Ninaandika hapa kilichopita kichwani mwangu, ingawa sijivunii. Niliiona mashine ya mizigo. Nikakiona chumba chenye feni. Nikamwona Kengeza kwenye benchi anaandika maelezo kwa mwandiko wake mzuri, na ndege inaondoka. Nikamwona anarudi Jumatatu, macho yamevimba, na klabu ina wanawake watatu ambao hawajawahi kupanda ndege, wote sawasawa. Iliniletea utamu mdomoni. Utamu wa kweli, kama wa sukari guru.

"Mtupu," nikasema.

Kalamu ya Shangazi ilisimama juu ya karatasi. Kisha ikatia alama.

"Glavu."

"Ipo."

"Vizibo vya masikio."

"Vipo."

Tukamaliza. Akanisogezea orodha nikatia saini mahali pa mkono wa pili, kwa ile kalamu ya rangi tatu. Naye akatia yake. Akashika zipu ya begi, akaivuta hadi katikati, akaiacha. Akakaa kwenye kigoda, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. Aliifuta muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Rudia mfuko wa ndani."

"Nimeshasema mtupu, Shangazi."

"Nimekusikia. Na mimi nilipopanga nilisema mtupu. Nilisema vizuri kuliko wewe, sauti haikutetemeka."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa, na masikio yakaanza kuniwaka.

"Uliigusa?"

"Saa nne asubuhi. Sasa saa saba." Akavaa miwani. "Sikuiweka mimi, usije ukafikiria hivyo. Ameisahau mwenyewe, kama mimi nilivyoisahau yangu. Mfuko uleule! Kikulacho ki nguoni mwako. Vidole vyangu vilipoigusa nikasema moyoni, kumbe na yeye. Na nikafurahi, mtoto wewe. Vidole vilifurahi kabla yangu. Nikalikunja jaketi nikaliweka."

Nje, karakanani, mtu alikuwa anagonga bati.

"Nikajituliza," akaendelea. "Nikasema kocha ataiona, mkono wa pili si upo? Kocha akaitwa. Nikasema basi, mtoto ataiona, vidole vyake vyepesi. Akiiona nitashukuru Mungu na hakuna atakayejua. Halafu nikakusikia unasema mtupu." Akatikisa kichwa. "Nilikusikia ulivyosema. Nikajua humu ndani hakuna mkono wa pili. Kuna mkono mmoja, umejirudia."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," nikanong'ona. Sijui kwa nini. Nilitaka kusema kitu.

"Mimi si mama yako, mimi shangazi yako. Usinipandishe cheo kwa mabaya." Lakini mdomo wake ulitaka kucheka, nikaona. "Itoe."

Nikaitoa. Nikaiweka juu ya shuka jeupe, ikabingirika, ikasimama kwenye mkunjo. Kitu kidogo namna ile.

"Amekukosea nini?" akaniuliza.

Nilikuwa na orodha ndefu kichwani, ya mwaka mzima. Ilipofika mdomoni ikabaki moja. "Unamwita mwanangu."

"Nawaita wote mwanangu. Hata muuza gesi namwita mwanangu, na ana wajukuu."

"Mimi unaniita we mtoto."

Akanyoosha shuka ambalo lilikuwa limeshanyooka.

"Na wewe?" nikauliza, maana nilishachanganyikiwa kiasi cha kuwa jasiri. "Amekukosea nini?"

"Anakwenda," akasema.

Basi. Neno hilo tu, na lilijaza stoo yote.

Akachukua orodha. Nilidhani ataichana aandike nyingine, lakini Shangazi hachani karatasi za stoo. Pale penye alama ya mfuko wa ndani wa kushoto akapiga mstari, na pembeni akaandika kwa herufi zake kubwa: *Risasi moja imekutwa. Mkono wa kwanza uliigusa haukusema. Mkono wa pili uliigusa haukusema. Imetolewa saa saba na robo.* Akatia saini tena. Akanipa na mimi nitie. Saini yangu ya pili ilitoka imepinda kama mdomo wa Kengeza.

"Kocha akisoma je?"

"Atasoma. Ndiyo kazi yake." Akaiweka risasi kwenye bahasha, akaandika juu yake siku na saa. "Sasa tunalimwaga begi lote. Tunaanza upya. Mara hii unapanga wewe, mkono wa pili mimi."

Tulikuwa tunakaribia kumaliza kocha aliporudi na kibali. Alisoma orodha akiwa amesimama. Akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, akasoma tena. Akaichukua bahasha.

"Mama Stoo," akasema, "miaka yote hii umefunga mizigo ya watu wangapi?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabu. Hakuna aliyerudishwa." Akaikunja orodha akaitia mfukoni. "Hii nitaitunza. Jumatatu tutakaa tuzungumze." Hakusema kwa ukali, na hakusema kwa upole. Akaenda kufunga sanduku lake.

Kengeza akaja akihema, nywele zimesukwa upya, harufu ya mafuta imejaa stoo. Shangazi hakumzungusha. Akamwambia risasi imekutwa kwenye jaketi lake, na mfuko gani. Kengeza akakaa chini, palepale sakafuni, akajishika kichwa.

"Ningekwisha," akasema. "Jamani, ningekwisha! Nani ameiona?"

Nilimtazama Shangazi. Shangazi aliitazama rafu.

"Tumeiona wote wawili," akasema.

Lilikuwa neno la kweli, na lilinichoma kuliko uongo. Maana Kengeza aliinuka akanikumbatia mimi kwanza, akanibana kabisa. "Mdogo wangu, umeniokoa. Nikirudi nitakuletea kitu. Sema unataka nini?"

Nilitaka kusema nataka usiende. Nikasema, "Kalamu. Ile uliyonipa imekufa rangi moja."

Jumapili tulimsindikiza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia uwanja wa ndege, na nilishangaa kila kitu, hata sakafu, nilijiona chini kama kwenye maji. Pale kaunta ofisa alisikia neno magazini akalivuta begi pembeni, akavaa glavu, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Kocha alikuwa kaunta ya pili na sanduku lake. Ofisa akafungua kasha la darubini. Akachungulia magazini kwa tochi. Akafika kwenye jaketi, akavuta mifuko ya nje, akaingiza vidole mfuko wa ndani wa kushoto. Aliviacha humo muda kidogo, akivizungusha. Shangazi kando yangu alishika pumzi, kama wanavyoishika kabla ya kufyatua. Vidole vikatoka vitupu.

"Mzigo safi," akasema ofisa. "Nani amefunga?"

"Shangazi yangu huyu hapa," akasema Kengeza, akimwonyesha kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha gari jipya.

Shangazi *yake*! Wivu ukarudi mzimamzima, kama haukupata somo lolote jana.

"Mimi nimekagua tu," Shangazi akamwambia ofisa. Akaniwekea mkono begani. "Aliyefunga ni mwanangu huyu."

Ofisa akanitazama na sare yangu ya shule, maana sikuwa na nguo nyingine nzuri, akatikisa kichwa kama anayesema dunia ina mambo. Akafunga zipu, akabandika karatasi. Mkanda wa mizigo ukaanza kwenda. Kengeza akatupungia mkono huku akirudi kinyumenyume, akagonga toroli ya mtu, akaomba radhi, akapotea kwenye mlango wa wasafiri. Lakini Shangazi hakuwa anamtazama yeye. Alilitazama begi. Lilifika penye yale mapazia ya mpira mwishoni mwa mkanda, likasita kidogo, mapazia yakafunguka, likaingia.

"Begi la klabu lile, nimelifunga na kulifungua mara mia," akasema. "Nimelishona kishikio mara mbili. Nalo linakwenda."

"Shangazi, unalionea wivu begi?"

"Mpaka kwenye ukucha. Wewe?"

"Mpaka kwenye nywele."

Akacheka, kile kicheko chake cha kweli ambacho kinaanza na kikohozi. Watu kwenye foleni wakageuka.

"Basi twende, mwanangu," akasema, akiufuta ule upande wa jicho la kulia. "Kesho asubuhi una shule, mimi nina kocha."